Ufa Haufunikwi kwa Rangi

Dominika ya Tatu ya Majilio, Mwaka A
Masomo: Isaya 35:1-6, 10; Yakobo 5:7-10; Mathayo 11:2-11





Leo masomo yetu yote matatu yanazungumza juu ya kungoja. Nabii Isaya anawatia moyo watu waliolegea magoti. Yohane Mbatizaji, akiwa gerezani, anawatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama yeye ndiye, au wamtazamie mwingine. Naye Mtume Yakobo anatuonyesha mkulima anayevumilia mpaka ardhi ipate mvua ya kwanza na mvua ya mwisho. Sisi wa nchi hizi hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo. Tunayo vuli na tunayo masika, na hakuna mkulima aliyewahi kuivuta mvua kwa kamba.

Lakini hapo pana swali. Wazee wetu walituachia usemi kwamba subira yavuta heri. Wazee hao hao wakatuachia usemi mwingine, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, walijipinga wenyewe? Ni wakati gani kungoja ni fadhila, na ni wakati gani kungoja ni uzembe, au hata dhambi? Ili tulijibu swali hilo, turuhusuni tuwasimulie habari ya nyumba moja. Si nyumba ya mfano. Ni nyumba ya mama yetu mzazi, na makosa mtakayoyasikia ni ya kwetu.

Sisi tulizaliwa watano, na mmoja wetu ndiye huyu padre anayesema nanyi. Baba yetu alikuwa karani katika shamba la mkonge, na mwaka 1976 alijenga nyumba ya vyumba vinne mjini Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari hufika kila jioni. Alijenga kama walivyojenga wengi wa wakati ule, kidogo kidogo, kila mshahara ukileta mifuko miwili mitatu ya saruji. Mchanga ulitoka ufukweni kwa mkokoteni, kwa kuwa ulikuwa karibu na haukuwa na bei. Alipofariki baba, mama alibaki humo, na dada yetu mkubwa, mjane asiye na nyumba yake, akahamia kwake ili amtunze. Alimtunza kwa miaka tisa. Alimwosha, alimlisha, alimgeuza kitandani usiku. Sisi wengine tulituma salamu, na mara nyingine tulituma fedha.

Mama alifariki mwaka 2021. Mwaka uliofuata mahakama ilimthibitisha mmoja wetu kuwa msimamizi wa mirathi, tukakaa kikao cha ukoo, tukakubaliana pasipo ugomvi kwamba nyumba iuzwe. Fedha zigawanywe, na fungu la dada liongezwe ili aweze kununua kiwanja na kuanza kujijengea. Hapo tulijisifu. Tulisema, watu wengine hugombana mirathi mpaka wakashikana mashati, lakini sisi tumelelewa Kikristo.

Mwezi wa tisa mwaka 2023 dalali alituletea mnunuzi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, aliyekuwa na kiinua mgongo chake na nia ya kuishi karibu na bahari na mkewe. Aliizunguka nyumba mara moja, akaipenda. Akasema, "Ndugu zangu, itengenezeni kidogo, nami mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja nitakuja na fedha." Dalali akatushika mkono pembeni akatuambia, "Pigeni lipu pale palipobanduka, pakeni rangi, badilisheni mabati mawili ya nyuma. Nyumba ni kama bibi harusi, humtazami mifupa."

Tukacheka. Basi tukamwita fundi. Alikuwa fundi mwashi wa mtaa ule ule, Mwislamu mcha Mungu, jirani wa mama kwa miaka mingi. Tukampa fedha za vifaa na sehemu ya ujira. Pale juu ya madirisha ya upande wa bahari palikuwa na ufa mrefu, mwembamba kama uzi, uliokwenda kutoka dirisha moja hadi jingine. Tukamwambia, "Hapo ziba tu, upake rangi."

Fundi alikuja siku tatu. Siku ya nne hakuja. Wiki ikapita. Tukapiga simu, akajibu, "Niko njiani." Tukapiga tena, akasema saruji haijafika. Tukapiga mara ya tatu, mkewe akapokea akasema baba ametoka. Vuli ikaanza, na ninyi nyote mnaikumbuka vuli ya mwaka 2023 jinsi ilivyonyesha kupita kiasi. Lipu iliyogongwa ikaachwa wazi ikaanza kulowana. Mwezi wa kumi ukaisha. Dalali akapiga simu kila siku. Ndugu yetu mmoja akasema apelekwe serikali ya mtaa, mwingine akasema apelekwe polisi kabisa kwa kula fedha za watu. Na padre wa familia, yaani huyu huyu anayewahubiria uvumilivu, alisema maneno juu ya mafundi wa siku hizi ambayo hayafai kurudiwa redioni.

Dada peke yake ndiye aliyenyamaza. Siku moja akasema, "Kabla hamjaenda polisi, nendeni kwake. Mtu huulizwa." Tukaenda.

Tulimkuta fundi kibarazani, anakula chakula cha mchana. Alinawa mikono, akatukaribisha, akaagiza tuletewe maji. Tulianza kwa ukali. Akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema: "Padri, na nyinyi wenzangu, nimekosa. Nimewaambia niko njiani na sikuwa njiani. Lakini nitawaeleza mambo mawili, na msinikasirikie. La kwanza, ule ufa si ufa wa lipu. Nimegonga, nimeona nondo. Zimeoza. Zege la lenta limepasuka kutoka ndani. Nyinyi mmeniambia niufunike. Mwalimu yule ataingia na mkewe, watalala chini ya dirisha lile. Nikaona nikifunika nitakuwa nimemdhulumu, na nikiwaambia mtaona natafuta kuongeza kazi nipate fedha zaidi. Nikakosa la kufanya, nikakimbia."

Tukamwuliza, na la pili?

Akatazama chini. "La pili ni kaburi la mama yenu. Nililijengea mwaka ule aliofariki. Nililipwa nusu. Mliniambia nusu nyingine italetwa baada ya arobaini. Sikuwadai, kwa sababu mama yenu alikuwa mama yangu pia. Ila nina watoto, na mtu akija na kazi yenye fedha mkononi, naenda kwanza kwake."

Wapendwa, tulitazamana sisi kwa sisi. Kila mmoja wetu alikuwa amedhani kwamba mwenzake alilipa. Huyu alidhani yule, yule alidhani padre, na padre alidhani wale wenye mishahara. Miaka miwili tulipita mbele ya kaburi lile, tukaweka maua, tukasali rozari, tukapiga picha. Na kila mara tuliposali pale, tulikuwa tumesimama juu ya jasho la mtu ambalo halijalipwa.

Somo la leo la Mtume Yakobo linaanza mstari wa saba wa sura ya tano. Nendeni mkasome mistari iliyotangulia, hasa ule wa nne, ambao hausomwi leo. Hapo Mtume anawaambia wenye mashamba kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Ndipo baada ya maneno hayo anaanza kusema juu ya uvumilivu. Mpango huo si bure. Mtume anatufundisha kwamba hatuwezi kumhubiria mtu subira huku tumeshika haki yake mkononi. Tulikuwa tumeudhika kwa kucheleweshwa miezi miwili, na mtu aliyetuchelewesha tulikuwa tumemchelewesha sisi kwa miaka miwili.

Tulilipa deni lile siku ile ile, kabla jua halijatua, tukaomba radhi. Naye aliomba radhi kwa uongo wake wa simu, maana kweli ulikuwa uongo, na kama angesema mapema tungeokoa majuma mengi. Tusimfanye malaika. Uoga wa kusema ukweli humgharimu mwenye nyumba na humgharimu fundi.

Ndugu zangu, Maandiko Matakatifu yanalijua sana jambo hili la matengenezo yanayochelewa. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya kumi na mbili. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wachukue fedha zinazotolewa na watu, wazibe nyufa za hekalu. Amri ilikuwa njema, na fedha zilikuwa zikiingia. Lakini Biblia inasema kwamba hata mwaka wa 23 wa ufalme wake nyufa zilikuwa bado wazi. Nani aliyechelewesha? Hawakuwa waashi, wala wachonga mawe. Ni makuhani. Tunawaomba mapadre wenzetu wanaosikiliza wasizime redio.

Mfalme alipogundua, alimwita kuhani Yehoyada na wenzake, akawauliza sababu. Ndipo Yehoyada alipochukua sanduku, akalitoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Kila lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha, zikatiwa mifukoni, zikapelekwa kwa wasimamizi wa kazi. Hao wakawalipa maseremala, wajenzi, waashi na wachonga mawe, wakanunua mbao na mawe. Kazi ikaenda. Na mwishoni mwa habari hiyo pana neno la kupendeza mno: wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kazi kwa uaminifu. Fedha zilipowafikia waliozifanyia kazi, ucheleweshaji wa miaka mingi ulikwisha. Kumbe mara nyingi kazi haichelewi pale tunapoona imechelewa, yaani kwenye mwiko na nyundo. Huchelewa mahali pengine, ndani ya mfuko wa mtu au ndani ya moyo wake.

Sasa turudi Tanga. Deni lilikuwa limelipwa, lakini ufa ulikuwa bado upo. Fundi alichukua tindo na nyundo akabomoa lipu mbele yetu. Mle ndani tuliona nondo zilizovimba kwa kutu, zinabanduka vipande kama maganda ya mti. Akatueleza kwa lugha nyepesi. Mchanga wa pwani ambao haukuoshwa una chumvi. Chumvi huvuta unyevu na kuamsha kutu katika chuma. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inapoongezeka husukuma zege kutoka ndani mpaka likapasuka. Huo uzi mwembamba tuliouona juu ya rangi ulikuwa mwisho wa kazi iliyofanyika gizani kwa zaidi ya miaka 40. Tungepiga lipu juu yake, baada ya masika mawili ungerudi, na safari hii labda pamoja na zege lenyewe.

Je, dhambi si hivyo hivyo? Haianzi pale watu wanapoiona. Huanza na chumvi kidogo iliyochanganywa siku ya msingi, kwa sababu ilikuwa karibu na haikuwa na bei.

Kazi iliyokuwa ya wiki mbili ikawa ya miezi. Ilibidi kuegemeza ukuta kwa miti, kuvunja lenta ya zamani, kusuka nondo mpya, kumwaga zege kwa mchanga wa mto. Na hapo tulipata somo la pili la uvumilivu. Zege haliharakishwi. Linataka kumwagiliwa maji siku zisizopungua 7, na mafundi huhesabu siku 28 kabla ya kuamini nguvu yake. Ukiondoa miti ya kuegemeza mapema, utaua mtu. Kisha lipu nayo inataka kukauka. Ukipaka rangi juu ya ukuta mbichi, itavimba malengelenge na kubanduka. Ndugu yetu mmoja aliuliza kama hakuna dawa ya kukausha haraka. Fundi akamjibu, "Kaka, dawa ipo, inaitwa siku."

Hapo tukakumbuka sura ya kumi na nne ya Kitabu cha Walawi, sura ambayo wengi wetu huiruka. Inahusu nyumba iliyoingiwa na ugonjwa ukutani. Mwenye nyumba haambiwi afunike alama zile. Anaambiwa aende mwenyewe kwa kuhani, aseme kwamba ameona kitu kama pigo ndani ya nyumba yake. Kuhani anaamuru nyumba itolewe vyombo, anaingia, anatazama kama alama zimezama ndani ya ukuta. Kisha anaifunga nyumba siku saba. Hazifungwi siku saba kwa uvivu. Zinafungwa ili ukweli ujitokeze. Siku ya saba anarudi. Kama pigo limeenea, mawe yale yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, ukuta unakwanguliwa, yanawekwa mawe mengine na udongo mwingine. Likipona, nyumba inatangazwa kuwa safi. Lisipopona, inabomolewa. Angalieni busara ya Mungu: kuna muda wa kutazama, kuna muda wa kung'oa, kuna muda wa kungoja, na kila muda una kazi yake.

Basi sasa twaweza kujibu lile swali la mwanzo. Wazee hawakujipinga. Kuna kungoja kwa aina mbili. Kungoja kwa kwanza ni kwa mkulima aliyekwisha kupanda, na kwa mwashi aliyekwisha kumwaga zege. Ametimiza sehemu yake, na sasa anaiachia mvua au siku zitimize sehemu yao. Huko ndiko subira ivutako heri. Kungoja kwa pili ni kwa mtu ambaye sehemu yake haijafanyika. Deni halijalipwa, ukweli haujasemwa, ufa haujafunguliwa, naye anasema tuvute subira. Hiyo ndiyo ngoja ngoja iumizayo matumbo, na mara nyingi matumbo yanayoumia ni ya wengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nasi twaongeza, kwa yale yaliyotupata: ukiuziba ufa pasipo kuufungua, utamjengea mwenzako kaburi.

Nabii Ezekieli, katika sura ya kumi na tatu, anawakemea manabii wa uongo waliowaambia watu kwamba ni amani, na hakuna amani. Anawafananisha na watu wanaoupaka chokaa ukuta dhaifu uliojengwa na wengine. Mvua ya gharika itakuja, asema nabii, na ukuta utaanguka, na msingi wake utaonekana. Sisi tulikuwa karibu sana na watu hao. Tulikuwa tumekwisha kununua rangi.

Ilibaki kumwambia mwalimu. Ndugu mmoja alisema, "Sasa tumekwisha kutengeneza, ya nini kumwambia?" Tukajadiliana usiku mzima. Kulikuwa na lenta nyingine mbili ambazo zilijengwa kwa mchanga ule ule, na hazikuwa na ufa bado. Fedha zetu zilikuwa zimekwisha. Tulijua kwamba tukisema, bei itashuka, na fungu la kwanza litakalopungua ni la dada. Kwa hiyo tukamwuliza yeye. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nimekaa chini ya dari hii miaka tisa namwuguza mama. Siwezi kujenga yangu kwa kumwangushia mwalimu hii."

Tulimwita mwalimu, tukamwonyesha kila kitu, na fundi akiwapo. Mwalimu alitushukuru, akaenda kushauriana na mkewe, na baada ya wiki moja akatuambia kwamba hawataweza. Kiinua mgongo ni kimoja tu katika maisha, alisema, na yeye hana nguvu ya kujenga upya. Hatukumlaumu. Dalali alitulaumu sisi. Nyumba ilikaa mpaka mwezi wa saba mwaka 2024, ndipo ikanunuliwa na mtu mwenye uwezo wa kuzibadilisha lenta zile mbili, kwa bei ndogo kuliko tuliyoitarajia.

Wapendwa wasikilizaji, hatuwezi kuwadanganya kwamba ukweli ulitulipa fedha. Haukutulipa. Kiwanja cha dada kimepatikana, msingi umesimama, jamvi limemwagwa, lakini kuta bado. Kila tukikutana tunachanga mifuko ya saruji, kama baba alivyofanya, isipokuwa mchanga ni wa mto. Fundi ni yule yule, na analipwa kila Jumamosi jioni. Siku moja tulimwuliza dada kama anajuta. Akajibu kwa neno moja tu: "Nalala."

Sasa tuitazame Majilio yetu. Zimebaki siku chache kufika Noeli. Katika familia nyingi huu ni wakati wa kupaka nyumba rangi, kushona nguo, kununua mchele. Ni desturi njema. Lakini Bwana tunayemngojea hapiti tu barabarani akatazama rangi. Anaingia ndani, naye ni fundi seremala, mtu aliyezijua nyumba tangu utoto wake. Atagonga ukuta, naye atasikia palipo na uwazi.

Wengine wetu tunasema Mungu amechelewa. Tumeomba ndoa ipone, mtoto arudi nyumbani, ugomvi wa ukoo uishe, na miaka inapita. Barua ya Pili ya Petro, sura ya tatu, inatufundisha kwamba Bwana hakawii kama watu wanavyodhani kukawia. Anatuvumilia, kwa kuwa hataki hata mmoja apotee, bali wote waifikilie toba. Basi huenda huko tunakokuita kuchelewa kwa Mungu ndizo zile siku saba za nyumba iliyofungwa. Anatupa nafasi ya kuona alama zilizo ukutani na kuzing'oa kabla ya kutuhamishia mgeni wake. Si kila kuchelewa ni hivyo. Wapo wanaongoja bila kosa lao, kama Yohane gerezani, na hao tusiwaongezee mzigo kwa kuwatafutia dhambi. Yesu hakumkemea Yohane kwa kuuliza. Alimtumia habari za kweli za yale yanayotendeka, ili apate nguvu ya kungoja.

Ninyi makatekista, mnayo kazi inayofanana na ya yule mwashi. Mnafundisha wakatekumeni kwa miaka, mnawaandaa wachumba kwa miezi, na wazazi huwajia wakisema, "Mwalimu, fupisha, sherehe imekaribia, kadi zimekwisha kuchapwa." Kumbukeni zege na siku zake. Msiondoe miti ya kuegemeza kabla ya wakati. Lakini pia msimcheleweshe mtu kwa sababu tu daftari la mafundisho lilibaki nyumbani kwenu.

Nanyi wanajumuiya, mtakapokutana wiki hii, jiulizeni mambo matatu, na kila mmoja ajijibu mwenyewe kabla ya kumjibia jirani. Je, yupo mtu ninayemlaumu kwa kuchelewa, hali ninashika haki yake? Mtumishi wa nyumbani, kibarua wa shambani, fundi aliyejengea kaburi la mzee wetu? Pili, je, kuna ufa katika nyumba yangu ambao nimeamuru ufunikwe? Tatu, je, nimekwisha kufanya sehemu yangu, ili kungoja kwangu kuwe kweli kungoja kwa mkulima? Kwa la kwanza, lipeni kabla ya Noeli. Kwa la pili, kiti cha kitubio kipo wazi, na kuhani wa leo, kama yule wa Kitabu cha Walawi, hamwendei mwenye nyumba mpaka mwenye nyumba aje mwenyewe aseme ameona kitu. Kwa la tatu, tulieni. Mvua ni ya Mungu.

Ee Bwana, wewe uliyekubali kukaa miezi tisa tumboni mwa Bikira Maria na miaka 30 katika nyumba ya fundi huko Nazareti, utufundishe kufanya kazi upesi pale tunapodaiwa, na kungoja kwa utulivu pale tulipokwisha kutimiza wajibu wetu. Uzifungue nyufa zetu kwa mkono wa huruma, ili utakapokuja ukute nyumba isiyokuwa na kitu cha kufichwa. Amina.